Kumwogopa na Kumhofia

Kiswahili kina majina mengi ya hofu, na aghalabu tunayachanganya. Shtuko ni la nukta moja: mlango umebamizwa, moyo umeruka, basi. Taharuki ina muda ndani yake. Mtu anajua kuwa kuna jambo, hajui litakwendaje, na hamu ya kujua humkosesha utulivu. Iko na ya tatu, ambayo watu wa pwani huiita wahka: mtu amekwishajua kuwa jambo litakuja, hana shaka nalo tena, lisilojulikana ni saa tu. Shtuko humpata hata ng'ombe. Taharuki na wahka ni vya kiumbe anayeikumbuka jana na kuingoja kesho, na kwa hiyo si vigeni katika kurasa ambazo kwa kawaida hujadili vina na mizani.

Nimekusudia kujadili hofu ya kutengenezwa, na hasa ile inayotengenezwa na filamu fupi za kutisha, za dakika tatu, tano au kumi. Filamu hizi zimezidi kuwa nyingi tangu simu ya mkononi ilipoanza kubeba kamera, na vijana wetu wanazitazama na kuzitengeneza. Wapo wanaozidharau kuwa ni mchezo wa watoto. Mimi sizidharau, maana ufupi ni sharti gumu. Mwenye kuandika ubeti mmoja uliotimia analijua hilo. Lakini nina swali ambalo ufundi peke yake haulijibu. Je, ni haki kumtia mwenzio hofu kwa makusudi? Na ikiwa ni haki, mtiaji hofu anadaiwa nini, na nani anayemdai?

Hatuwezi kuihukumu kazi ya fundi bila ya kuzijua zana zake, basi tuanze na zana. Alfred Hitchcock, katika mazungumzo yake na Mfaransa François Truffaut ya mwaka 1962, yaliyotoka kuwa kitabu mwaka 1966, alitoa mfano ambao tangu hapo umerudiwa na walimu wengi wa filamu. Watu wamekaa mezani wanazungumza mambo ya kawaida, na chini ya meza kuna bomu. Ikiwa mtazamaji hajui, bomu likilipuka atashtuka kwa sekunde 15. Ikiwa ameonyeshwa bomu, na ameiona saa, maneno yale yale ya kipuuzi yatamweka roho juu kwa dakika 15, naye atatamani kuwapigia kelele wale waliokaa wainuke waondoke. Bomu ni lile lile. Kilichozidi ni elimu ya mtazamaji. Tuuweke akilini mfano huu, hasa ile hamu ya kupiga kelele, kwa sababu tutarudi kwake.

Zana ya pili ni marudio. Mwaka 2013 Msweden David F. Sandberg alitengeneza filamu isiyofika dakika tatu, iitwayo Lights Out, ndani ya nyumba yake, na mwigizaji akawa mwenziwe, Lotta Losten. Mwanamke anazima taa kabla ya kulala. Gizani anaona umbo la mtu. Anawasha, hakuna kitu. Anazima, lipo. Anawasha na kuzima tena, na sisi tumekwishaifahamu kanuni, mpaka mara moja umbo linaonekana limesogea. Filamu hii ndogo ilipendwa hata ikazaa filamu ndefu mwaka 2016. Mpenzi wa ushairi hatastaajabu. Hicho ni kibwagizo. Mstari unaofunga kila ubeti haubadiliki neno, lakini kila unaporudi hubeba uzito wa beti zilizoutangulia, na ukija mara ya nne ndani ya ubeti wa msiba, maneno yale yale yanatutoa machozi. Msikilizaji akishasikia kina cha kwanza hukaa akikingoja cha pili, na kungojeshwa huko ndiko kunakoshikwa na mwongozaji wa filamu fupi.

Zana ya tatu ni kificho, na ndugu yake ni kimya. Wahenga walikwisha sema kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Steven Spielberg alipopiga filamu ya Jaws, iliyotoka mwaka 1975, papa wa mashine aliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, ikabidi papa asionekane kwa sehemu kubwa ya filamu. Na kutoonekana kwake kukawatisha watu kuliko meno yake. Sababu yake iko wazi. Lisiloonyeshwa, mtazamaji hulijaza mwenyewe, naye hana cha kulijazia ila hofu zake: giza la chumba alicholala utotoni, mgonjwa aliyemkesha, mlango uliogongwa usiku. Kwa hiyo hofu iliyomo ndani ya filamu si mali ya mwongozaji. Ni mali ya mtazamaji, aliyemkabidhi mwongozaji kwa muda. Kwa lugha yetu, ni amana. Na amana ina masharti yake.

Tuipeleke hoja hii mahali penye ardhi na watu. Nachagua Mugoma, katika wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, pembe ya Tanzania inayopakana na Rwanda na Burundi. Nachagua pande hizo kwa sababu anayetaka kutengeneza hofu ya mchezo huko hawezi kulikwepa swali letu. Hofu ya kweli imekwishapita wilaya hiyo kwa njia ya barabara na kwa njia ya mto.

Mwezi Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakiendelea Rwanda, watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, tarehe 28 na 29. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa ghafla. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo waliokimbia kifo na waliokuwa wamekileta, wamejitwisha magodoro ya namna moja na wamepanga foleni moja ya maji. Methali ya kikulacho ki nguoni mwako haikuhitaji maelezo pale. Na chini ya daraja mto Kagera ulikuwa ukipitisha miili ya waliouawa, maporomoko yakiishusha, maji yakiichukua hadi ziwa Victoria, hata watu wa mwambao wa Uganda wakaacha kula samaki. Maelfu walizikwa huko, Kasensero, Lambu na Ggolo, na watu wasiowajua majina. Leo maporomoko yale yale ya Rusumo yanazungusha mitambo yenye uwezo wa megawati 80, na umeme wake unagawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Sasa tumfikirie kijana mmoja wa Mugoma, aliyezaliwa baada ya hayo yote, mwenye simu nzuri na rafiki wawili, anayetaka kutengeneza filamu ya kutisha ya dakika kumi. Zana anazo: migomba inayofunga njia, ukungu wa alfajiri, vilima vinavyorudisha sauti. Anaandika hadithi yake. Msichana anakwenda mtoni kuchota maji. Dumu linajaa, anarudi. Siku ya pili anaona kitambaa chekundu kinaelea. Siku ya tatu vitambaa viwili, na ndege wamenyamaza. Kijana huyu anajua kazi. Ana kibwagizo, ana kificho, ana kimya. Akiionyesha filamu yake Dar es Salaam au London, watazamaji watashikwa na wahka ule mtamu unaomfanya mtu acheke akishapumua.

Lakini Ngara kuna mwanamke ambaye mwaka 1994 alikuwa yeye huyo msichana. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwake yeye kitambaa juu ya maji hakiulizi kitakachotokea, kwa kuwa kimekwishatokea. Hatiwi taharuki, anarudishwa. Mwongozaji ataona mikono ya mama huyo inatetemeka na atadhani ni ufundi wake, ilhali amechota katika akiba ambayo hakukabidhiwa.

Je, ndiyo kusema mto ule usipigwe picha? La hasha. Watu wa mahali hawawezi kuambiwa kuwa mto wao ni mwiko kwao. Tofauti iko katika njia ambayo hofu ile inapelekwa. Ikiwa kitambaa ni chambo tu, na mwisho wa dakika kumi analipuka zimwi kutoka majini, basi marehemu wa Kagera wamefanywa mapambo. Ikiwa filamu inakifuata kitambaa mpaka kwa mtu aliyekivaa, hata kama hatutaambiwa jina lake, hofu ya mtazamaji inageuka njiani na kuwa majonzi, na yule mama anaweza kukaa mpaka mwisho, kwa sababu anachokiona ni msiba wake ukiheshimiwa. Aristotle, alipoandika juu ya tanzia, aliifunga hofu pamoja na huruma, wala hakuzitenganisha. Aidha alisema kuwa hofu inayotokana na mpangilio wa matukio ni bora kuliko ile inayotokana na kioja cha kuonyeshwa machoni. Filamu inayochukua hofu na kuiacha huruma imechukua nusu ya mzigo, nayo ni ile nusu nyepesi.

Atakuja mwenye kunipinga kuwa bibi zetu walitutisha kwa mazimwi bila ya kuuliza ruhusa ya mtu, na tumekua salama. Ni hoja ya haki, lakini ruhusa waliiomba. Fanani wa visiwani husema paukwa, na watoto wakajibu pakawa. Wasipojibu hakuna hadithi. Mwito ule na jibu lake ni mkataba: kuanzia hapa tunaingia penye uongo mtamu, na sote tumeridhia. Mwisho wa hadithi nako kuna mlango wa kutokea, kwa desturi ya kusema kuwa hadithi ikiwa njema ni yetu sote, na ikiwa mbaya ubaya wake ni wa msimuliaji peke yake. Zimwi linabaki ndani ya uzio, na watoto wanalala.

Desturi hiyo haikufa kwa kuja sinema. Katika mabanda ya video ya bara walitokea watu wa kutafsiri filamu za kigeni papo kwa papo, na mmoja wao, Lufufu wa Dar es Salaam, alijulikana sana kwa kazi hiyo. Mimi mfasiri wa maandishi nawaonea wivu wa heshima, kwa sababu hawakufasiri maneno tu. Palipo na hofu walisimama baina ya kioo na watu, wakataja kijiji ambacho kila mtu anakijua, wakamkemea mhusika mjinga, wakatia utani. Ngeli ile ya kigeni ambayo haikuja na paukwa wao waliipa.

Nini hutokea hadithi ya kutisha inapozagaa bila ya paukwa? Sisi wa visiwani hatuna haja ya kwenda Ngara kutafuta jibu. Mwaka 1995 Pemba, kisha Unguja, paliingia habari ya Popobawa, kiumbe asemwaye kuwa huwajia watu usiku vitandani na kuwafedhehesha. Tukiitazama kwa jicho la fundi, habari ile ilikuwa imeundwa kwa ustadi wa ajabu: giza, kivuli cha bawa, mwathirika asiyeweza kupiga kelele, na sharti kwamba aliyejiwa awatangazie wengine, la sivyo atajiwa tena. Sharti hilo la mwisho liliifanya hadithi ijibebe yenyewe mlango hadi mlango. Familia zililala nje zimekusanyika kwa makundi, moto umewashwa, na usiku ukawa mrefu. Lisemwalo lipo, watu walisema, na kama halipo linakuja. Nalo likaja kwa namna ambayo tungependa kuisahau: mjini Unguja umati ulimkamata mtu ukimdhania ndiye, ukamwua, na mtu yule alikuwa mgonjwa wa akili.

Sisemi haya kuwacheka walioogopa, maana hofu yao ilikuwa ya kweli na miili yao ilikuwa na jasho la kweli. Nasema kwamba wahka huahidi uso. Kila kinachofichwa kinamwambia mtazamaji: ngoja, utaonyeshwa. Hadithi yenye paukwa hulipa ahadi hiyo kwa zimwi la maneno. Hadithi isiyo na paukwa hutafuta uso barabarani, na uso unaopatikana kwa urahisi ni wa yule asiye na wa kumtetea: mgeni, mgonjwa, maskini, kizee.

Hapa ndipo deni la pili la mtengeneza hofu lilipo. La kwanza alidaiwa na mtazamaji. Hili anadaiwa na yule ambaye uso wake utatumika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watengenezaji wetu wamekuwa na filamu za kutisha za nyumbani. Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta, na sifa yake ni kwamba alituonyesha mizuka na majini ya kwetu badala ya yale ya kuazima Ulaya. Jini ana nafuu moja: hana nyumba ya kuchomwa. Ugumu huanza uso wa mwisho unapokuwa wa bibi kizee mwenye macho mekundu, akitoka gizani na muziki ukapanda. Katika nchi ambamo vizee wa Shinyanga na Mwanza wamekatwa mapanga kwa wekundu wa macho, wekundu ambao aghalabu ni zawadi ya moshi wa jiko kwa miaka mingi, picha hiyo si ya kuchezewa. Wala si picha ya mtu mwenye ualbino akiibuka kama mzuka, baada ya mauaji ya tangu mwaka 2007 katika Kanda ya Ziwa, na baada ya Muleba, Kagera hiyo hiyo, ambako mwezi Mei 2024 mtoto wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa kwao, na mwili wake ukapatikana mwezi Juni. Siidai filamu yoyote damu hizo. Waliozimwaga wana majina na wana mahakama. Lakini imani inayowaua watu hujengwa kwa picha ndogondogo, na kila mwenye kamera aulize kama ameongeza tofali.

Lugha yetu imekwishatuwekea jibu, tena katika kauli ya kutendea. Kumwogopa mtu ni jambo moja. Kumhofia ni jingine. Ninayemwogopa namkimbia, au nikiwa na wenzangu nampiga. Ninayemhofia namkimbilia. Turudi kwenye meza ya Hitchcock. Yule mtazamaji aliyetamani kupiga kelele hakuwa akijiogopea nafsi yake, kwa kuwa bomu haliwezi kumfikia. Alikuwa akiwahofia waliokaa mezani. Taharuki iliyo bora, basi, ina huruma ndani yake tangu mwanzo. Fundi hahitaji kuitia kwa nguvu. Ahitaji tu asiitoe. Shtuko laweza kuishi bila ya kumpenda mtu yeyote. Wahka hauwezi, kwani hatungoji kwa roho juu baya limpate mtu ambaye hatujali akipatwa.

Nimempa kijana wa Mugoma kitambaa chake mtoni. Sasa nimpe na mwisho, kama alikuwa hajaupata. Msichana amerudi mara ya tatu, ukungu umeshuka, na nyuma yake kwenye migomba kuna hatua. Anatembea, zinatembea. Anasimama, zinasimama. Anageuka. Ni kizee, macho mekundu, mzigo wa kuni kichwani. Hapo watazamaji watapiga kelele, na waongozaji wengi wangekata picha na kuandika mwisho. Asikate. Aiache kamera juu ya uso wa kizee kwa muda unaotosha kuvuta pumzi tatu, mpaka tuone kuwa hamtazami msichana, anasikiliza. Nyuma yake kuna hatua nyingine, nyingi, za vijana, na mmoja anaburuza kitu cha chuma juu ya mawe. Kizee alikuwa akimfuata mtoto kwa sababu mtoto peke yake ndiye aliyekuwa njiani asubuhi ile ambaye hangemdhuru.

Zana hazikubadilika: hatua zile zile, ukungu ule ule, kimya kile kile. Aliyekuwa akiogopwa ndiye sasa anayehofiwa, na msichana ana dumu la maji mkononi na nukta chache za kuamua asimame upande gani. Filamu ikikoma hapo, mtazamaji ataondoka na wahka wake, na hatakuwa na zimwi la kuutulia. Atakuwa na jirani.